Mafundi wa Mashua wa Bagamoyo

Ufukwe wa Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, hunoga zaidi karibu na soko la samaki, mashua zinapovutwa mchangani kutengenezwa. Chombo kipya huanza na mkuku. Mbao na mataruma hufuata. Kukalafati ndiko hasa kwa kutazamwa bila haraka: pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa, hupachikwa baina ya mbao, kisha hushindiliwa kwa tindo na nyundo mpaka maji yakose pa kupenya. Aliyekwisha kuyaona magofu ya Kaole na misheni ya mwaka 1868 asiondoke bila kuwapitia mafundi hawa. Wanastahili pongezi za dhati, kwani samaki wanaonadiwa papo hapo huletwa na vyombo vilivyopita mikononi mwao.