Wanawake wa TANU na Silaha ya Subira



Pale Dar es Salaam ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi hulisoma jina hilo kibaoni wakapita zao. Leo nataka tusimame nalo kidogo, kwa kukitazama kitabu cha Susan Geiger, mwanahistoria wa Kimarekani, kiitwacho TANU Women, kilichotoka mwaka 1997.

Shuleni tumefundishwa kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ikaongozwa na wasomi wachache, na Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961 pasina vita. Hayo ni kweli, lakini hayatuambii ni nani aliyeujaza uwanja wa Mnazi Mmoja. Mkutano wa hadhara haujazwi na hotuba peke yake. Hujazwa na watu walioendewa nyumba kwa nyumba, wakabishiwa hodi na mtu wanayemwamini.

Hapo ndipo penye faida ya kitabu hiki. Mwaka 1955, TANU ilipoanzisha sehemu ya wanawake, Bibi Titi alikuwa mwimbaji mkuu wa ngoma ya Bomba, naye alisoma mpaka darasa la nne tu. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Kwa muda wa miezi mitatu hivi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kata kadi. Kumbuka kuwa tangu 1953 serikali ya Kiingereza iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Karani alifungwa mdomo, lakini muuza vitumbua hakuwa na kazi ya serikali ya kunyang'anywa.

Geiger anasema utaifa haukuteremshwa na wasomi. Wanawake wale walikuwa nao tayari, maana katika ngoma zao makabila mbalimbali yalikwisha changanyika, na lugha yao ilikuwa moja. Hoja hii ni nzito, nami naikubali.

Lakini nina lawama mbili. Ya kwanza, ngoma ameipa uzito mkubwa na dini ameipitia kwa haraka. Wengi wa wanawake aliowahoji Dar es Salaam ni Waislamu. Waliokutana ngomani ndio hao hao waliokutana arusini, matangani na katika maulidi. Mwenye kuosha maiti haulizi kabila. Imani ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya mtu atoe shilingi yake kwa chama kinachoshukiwa na dola. Na kwa wale miongoni mwetu watakaochukia kusikia kwamba Uhuru ulipita ngomani, nawaambia: historia haichujwi kama tui, tukabakisha tunachokipenda.

Tena ipo subira. Mwaka 1950 mgomo wa makuli wa bandarini uliishia katika ghasia, na chama chao kikavunjwa. Fujo ilimpa mkoloni kisingizio. Mwaka 1957 Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadharani, na kina mama hawakurusha mawe. Waliendelea kuuza kadi. Subira katika dini yetu si kukaa kitako ukingoje kudura. Ni kushika jambo la haki bila kuliacha, na bila kulichafua kwa dhulma.

Lawama ya pili ni lugha. Bibi Titi na wenzake walisimulia kwa Kiswahili, kitabu kikatoka kwa Kiingereza. Mjukuu wa Kariakoo asiyejua lugha hiyo hawezi kuyasoma maneno ya bibi yake mwenyewe. Humo imo pia habari chungu ya Bibi Titi kukamatwa mwaka 1969 kwa shtaka la uhaini, kuhukumiwa kifungo cha maisha, na kuachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000.

Lawama hii inatuangukia na sisi. Mgeni alivuka bahari, akaketi mkekani, akauliza. Sisi tulikuwa nyumba moja nao, na hatukuuliza. Basi, msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo bado mzee wa zama zile, mkalie leo, mwulize, uandike. Deni la wema ni kutajwa.

Wabillahi tawfiq.