Neno Moja la Kiingereza, Mawili ya Kilatini

Wako wasemao kwamba mfasiri mwaminifu hutumia neno moja kwa neno moja, tangu mwanzo wa kitabu hata mwisho. Kanuni hiyo haikumfaa hata mwandishi aliyejifasiri mwenyewe. Thomas Hobbes alikitoa kitabu chake "Leviathan" kwa Kiingereza mwaka 1651, na kwa Kilatini mwaka 1668. Neno "power" lililomo katika jina kamili la kitabu alilifanya "potestas", yaani mamlaka. Lile la anwani ya sura ya 10 akalifanya "potentia", yaani nguvu.

Maana imebainika, lakini si bila hasara. Katika sura hiyo Hobbes ashikilia kwamba nguvu ipitayo zote za wanadamu ni ile ya watu wengi walioungana kwa ridhaa katika mmoja, nayo ndiyo ya dola. Msomaji wa Kiingereza huliona neno lile lile likipanda toka kwa mtu hata kwenye dola. Wa Kilatini hana budi kuunga mwenyewe.

Nasi tulio na "nguvu" na "mamlaka" yatupasa kuchagua. Ila mfasiri achaguaye na aonyeshe mahali uzi ulipokatika.