Jenerali Dumas: Mtu au Mnyororo?

Wengi wetu tuliojifunza Kifaransa shuleni twalijua jina la Alexandre Dumas, mtungaji wa hadithi ya Monte-Cristo. Si wengi wajuao ya kuwa baba yake, mwenye jina lile lile, alikuwa jenerali katika jeshi la Ufaransa, tena mwana wa mtumwa mweusi aitwaye Marie-Cessette, katika kisiwa cha Saint-Domingue, nchi ambayo siku hizi ni Haiti. Twataka kutazama namna Wafaransa walivyomkumbuka jenerali huyo, maana si yote yanayotupendeza.

Alizaliwa mwaka wa 1762. Baba yake, Mfaransa wa ukoo mkubwa, alimwuza apate nauli ya kurudi kwao, kwa sharti la kumkomboa baadaye. Akamkomboa mwaka wa 1776, akamleta Ufaransa. Mwaka wa 1786 kijana akaingia jeshini, askari wa chini kabisa, akijiandikisha kwa jina la mama yake, kwa sababu baba hakutaka jina la ukoo lionekane katika safu za askari wadogo. Miaka saba baadaye alikuwa jenerali. Mwaka wa 1794 aliongoza jeshi la milima ya Alpi, akateka njia ya Mont Cenis iliyojaa theluji. Mwaka wa 1797, huko Clausen, alishika daraja peke yake mbele ya wapanda farasi wa Austria. Halafu akaenda Misri, akakosana na Bonaparte. Aliporudi mwaka wa 1799 chombo chake kikaingia maji, akalazimika kushuka Taranto, akatiwa kifungoni karibu miaka miwili. Alitoka na mwili ulioharibika. Aliandika barua nyingi kuomba mshahara wake wa siku zile za kifungo, asilipwe. Alikufa mwaka wa 1806, na mjane wake akanyimwa pensheni.

Basi, kabla ya vita kuu ya kwanza walimsimamishia sanamu mjini Paris, katika kiwanja zilimokuwa sanamu za mwanawe na mjukuu wake, watungaji wote wawili. Wakati wa vita ya pili Wajerumani walioushika mji waliibomoa. Za wale wawili zikabaki. Mahali pa jenerali pakakaa wazi zaidi ya miaka sitini, hata mwaka wa 2009 wakaweka kazi ya fundi Driss Sans-Arcidet: pingu mbili kubwa sana za chuma, na mnyororo uliokatika.

Kazi yenyewe si mbaya. Ni nzito, yamsimamisha mpita njia, na kwa ukumbusho wa watumwa wote twaisifu. Lakini ni ukumbusho wa nani? Mwana aliwekwa na uso wake, mjukuu na uso wake. Baba aliyewazaa amewekewa chuma alichofungiwa mama yake. Uso wake hauonekani, wala upanga, wala farasi. Tena jenerali hakuikata pingu yake mwenyewe: alikombolewa kwa fedha akali kijana, na yote tunayomsifia aliyatenda akiwa mtu huru, mwenye amri juu ya maelfu ya Wafaransa. Anayeziona pingu zile atajua alivyotendewa. Alichotenda yeye hatakijua.

Atamjua zaidi katika kitabu cha mwanawe, Mes Mémoires, kilichoanza kutoka mwaka wa 1852. Mtungaji alikuwa hajatimiza miaka minne baba yake alipokufa. Alikusanya habari kwa mama yake na kwa askari wa zamani, akazitia chumvi bila haya. Asema baba yake alishika boriti ya zizi, akainua farasi kwa mapaja yake. Hapo twacheka. Lakini asimulia pia jinsi Dumas alivyofika kijiji cha Saint-Maurice wakati wa baridi kali, akaona mashine ya kukatia vichwa imesimamishwa tayari. Waliohukumiwa walikuwa watu wanne, kosa lao kuificha kengele ya kanisa isiyeyushwe. Jenerali akaamuru mashine ipasuliwe kuni, watu wakafunguliwa. Na huko Bayonne, alipofunga madirisha yake asiwatazame watu wakiuawa uwanjani, wenye hasira ya mapinduzi walimdhihaki kwa kumwita Bwana Ubinadamu. Siku zile kujulikana kuwa na huruma kuliweza kumletea mtu kifo. Fundi wa sanamu angeweza kumchonga Dumas akifunga dirisha lile.

Sifa nyingine twawapa waliotunza karatasi. Huko Villers-Cotterêts, alikofia jenerali, barua zake zilikuwa katika kasha la chuma la jumba la ukumbusho. Mtunzaji alipokufa, hakubaki mtu aliyejua namba za kulifungulia. Mwandishi Mmarekani, Tom Reiss, hakuchoka kuomba hata kasha likatobolewa, akatoa kitabu chake mwaka wa 2012. Humo mengi aliyoyasimulia mwana yamepata ushahidi, hata lile la daraja la Clausen.

Mes Mémoires ni vitabu vingi, tena mtungaji apenda kupotea njiani. Habari za baba yake ziko mwanzoni. Msomaji asiye na nafasi asome hizo, hata siku ile mtoto alipopanda ngazi na bunduki mkononi, akimwambia mama yake ya kuwa anakwenda mbinguni kupigana na Mungu aliyemwua baba.