Wastani Hauketi Darasani

Ukisoma uzamili wa elimu maalumu, kwenye takwimu utashindiliwa wastani wa kundi. Shida ni kwamba watoto wenye usonji hawafanani, na pengine darasani unao watatu tu. Ndiyo maana makala ya Horner na wenzake, iliyotoka mwaka 2005 kwenye jarida la Exceptional Children, bado inafaa kusomwa. Inatetea kumpima mtoto mmoja mara nyingi: kabla ya mbinu, wakati wa mbinu, na hata mbinu ikiondolewa. Mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe. Hapo safi.

Ila kuna mahali nagoma. Wanataka mbinu ikubalike ikiwa na angalau tafiti 5 zilizochapishwa, za watafiti 3 tofauti katika sehemu 3, zenye jumla ya washiriki 20. Sawa, lakini zilizofeli ziko wapi? Majarida hupenda matokeo mazuri. Mengine huishia kwenye droo. Ukihesabu ushindi peke yake, hata mbinu dhaifu inaweza kufika 5, na anayepoteza muda ni mtoto. Kwa hiyo usiulize tu ngapi zimefaulu. Uliza zilijaribiwa ngapi.