Kupima Kabla ya Kukata

Maduka ya steshenari ya Ngamiani, hapa Tanga, yana kompyuta za kila aina. Moja inaendeshwa na Windows ya zamani, jirani yake imewekewa Linux kwa kuwa imechoka, na mteja anaingia na Mac ya ofisini. Anayetaka kuandika programu huria itakayowafaa wote hawa hana budi kuamua mapema atatumia zana zipi za kiolesura, yaani maktaba inayomchorea madirisha, menyu na vitufe. Ukishachagua, kuhama ni kazi. VLC, programu ya kuchezea video, ilihama kutoka zana za wxWidgets kwenda za Qt, na toleo lenye sura mpya likatoka mwaka 2008.

Wengi huchagua kwa kutazama uzuri wa sura. Mimi hutazama jambo moja: zana hizo hufanya nini zikiletewa Kiswahili?

"Save" ya Kiingereza ina herufi 4, "Hifadhi" ina 7. "Print" ina 5, "Chapisha" ina 8. Zamani madirisha mengi yalichorwa kwa vipimo vya kudumu: kitufe kianzie hapa, upana wake uwe huu. Hivyo ndivyo yalivyokuwa madirisha ya OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux. Kwenye dirisha la namna hiyo neno likizidi nafasi hukatwa mkia, na mfasiri hujikuta akitafuta neno fupi badala ya neno linalofaa. Baadaye LibreOffice, mrithi wa programu hiyo, iliyaandika upya madirisha hayo, moja baada ya jingine, kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya mzigo aliibeba Caolán McNamara. Kazi ya namna hiyo haisifiwi na mtumiaji, kwa sababu ikifanikiwa haionekani. Mimi naisifu.

Hebu tazama zana kama Qt au GTK zinavyopanga dirisha bila vipimo vya kudumu. Kila kitufe huulizwa kwanza: kwa neno ulilobeba, kwa herufi za ukubwa huu, unataka upana gani? Kinajibu. Safu iliyokibeba hujumlisha majibu ya vitufe vyake, huongeza mapengo ya katikati, kisha nayo hulijibu dirisha. Hesabu ikishafika juu, nafasi iliyopo hugawiwa kuteremka chini hadi kila kitufe kipate sehemu yake. Ni adabu ya fundi cherehani, asiyekata kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo. Na yote hurudiwa kila unapovuta ukingo wa dirisha, bila wewe kuhisi chochote.

Qt ina kingine kidogo ninachokipenda sana. Huiambii kitufe cha kukubali kikae upande gani. Unaiambia tu kwamba hiki ni cha kukubali na hiki ni cha kughairi. Kwenye Windows itatanguliza cha kukubali, kwenye Mac itakiweka mwisho kulia, kila mtumiaji akute alichozoea.

Kiswahili kina mtihani mwingine: ngeli. Faili limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa. Anayeunga sentensi kwa vipande, jina la kitu mbele na "imefutwa" nyuma, ataharibu lugha ya watu. Dawa ni kumpa mfasiri sentensi nzima, na Qt Linguist humletea sentensi hiyo pamoja na mahali inapotumika, ikitenga umoja na wingi.

Na sisi wa mrima tuna hati za Kiarabu za kukumbuka. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, alikuwa mshairi wa mwambao huu, na washairi wa zama zake waliandika Kiswahili kwa herufi hizo. Qt na GTK hutumia maktaba ya HarfBuzz, inayochagua umbo la kila herufi kwa kufuata majirani zake, na zinaweza kuligeuza dirisha zima lisomeke kutoka kulia.

Leseni ya Qt, ambayo mwanzoni haikuwa huria, ilileta ugomvi mkubwa. GNOME, mradi wa eneo-kazi la Linux, ulizaliwa mwaka 1997 kwa sababu hiyo, ukajengwa juu ya GTK. Qt ikapata leseni huria ya GPL mwaka 2000 na ya LGPL mwaka 2009, na hoja ile ikaisha nguvu. Zana nyingine, Electron, nayo inapendwa, lakini hubeba kivinjari kizima tumboni, hata programu ndogo ikapita MB 100. Kwa anayepakua kwa bando la siku, huo ni mzigo.

Hukumu yangu ni Qt, hasa kama watumiaji wako wengi wako kwenye Windows. Kijana unayeanza, usiandike upana wa kitufe hata kimoja kwa mkono, na usingoje programu iishe ndipo utafute mfasiri. Weka maneno ya Kiswahili kwenye dirisha la kwanza kabisa utakalolichora.