Mji wa Kitendawili na Nyumba ya Bao

Hiari ya mchezaji ni jambo linalosifiwa sana na kupimwa mara chache. Tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani, umekuwako mchezo wa mezani ambao ni ngano na shindano kwa pamoja. Msimulizi huweka mbele ya wenzake nchi ya kubuni. Kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja na kusema mhusika huyo atatenda nini. Dadu huamua yale yaliyo ya bahati. Sifa kuu inayotajwa ya mchezo huo ni kwamba mchezaji huchagua. Swali la mhakiki ni hili: uchaguzi upi una maana, na upi ni pambo?

Lugha yetu inazo mizani mbili za kulipimia swali hili, nazo ni kongwe kuliko mchezo wenyewe.

Mizani ya kwanza ni kitendawili. Mtegaji husema, “Kitendawili!” na mwenziwe hujibu, “Tega!” Akishindwa kukitegua, huombwa mji. Hapo yu huru kabisa: aweza kutoa Mombasa, au Tanga, au hata Arusha. Mtegaji huupokea mji, hueleza alivyofika huko na starehe alizozipata, kisha hufumbua fumbo. Uchaguzi huo una raha, tena una adabu, maana humpa aliyeshindwa heshima kidogo. Lakini jibu halibadiliki. Ikiwa ni yai, basi ni yai Mombasa na ni yai Arusha.

Mizani ya pili ni bao la Kiswahili. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Halina dadu, wala halina siri. Katika namua mchezaji hutia kete moja moja kutoka akiba yake ya kete 22, na kanuni humfunga sana: palipo na cha kula, sharti ale. Hata hivyo hufika wakati ambapo, baada ya kula, kete yake ya mwisho huangukia katika nyumba yake mwenyewe, ambayo bado haijavunjwa, na mbele yake hakuna cha kula. Hapo yampasa aamue: alale au asafiri? Akilala, hazina yake yabaki, lakini zamu imekwenda kwa mwenziwe, ambaye huenda akaila yote. Akisafiri, kete zake zaenea mashimoni na huenda zikala. Lakini nyumba imevunjika, na hairudi tena.

Katika tendo hilo moja twaona masharti matatu ya hiari yenye maana. Mchezaji aone anachokichagua. Akose kitu kwa ajili ya kitu. Na alilolitenda libaki limetendeka.

Sasa tuupime mchezo wa ngano. Tuseme msimulizi wa hapa Kijenge ametunga safari ya mashujaa wanaopeleka dawa upande wa pili wa Mlima Meru. Wapite msituni kwa njia ya Momella, au wazunguke nyikani? Ikiwa wanyang'anyi wale wale wanawangoja popote watakapopita, wachezaji wametoa mji tu. Ikiwa njia ya msitu ni fupi na salama pia, hapana uchaguzi, kwani hakuna mwenye akili atakayezunguka. Lakini ikiwa msitu ni njia fupi yenye hatari, na nyika ni salama ila mgonjwa huenda akafa kabla hawajafika, basi wameketi mbele ya nyumba ya bao. Kwa hiyo kusawazisha njia si kuzifananisha. Ni kuipa kila moja thamani yake na hasara yake.

Yuko atakayesema kwamba msimulizi ana haki ya kuilinda ngano yake, na kwamba hila ndogo haidhuru ikiwa wachezaji wamefurahi. Hoja hiyo ina ukweli. Mji una nafasi yake: jina la shujaa, wimbo wake, rangi ya joho lake, hayo ni miji mizuri. Ubaya huanza pale mji unapoombwa kana kwamba ni nyumba, mchezaji akaumiza kichwa juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Tena, kwa kuwa msimulizi huyaona mengi ambayo wenzake hawayaoni, ana deni ambalo mcheza bao hana. Hana budi kutoa dalili, kama nyayo za nyati au moshi wa kambi, ili anayechagua achague kwa macho.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha fasihi simulizi. Tumezoea kusema kwamba hadhira hushiriki, na kweli hushiriki: huitikia wimbo, hupiga makofi, hutoa mji. Lakini kushiriki ni jambo moja, na kuwa na hiari ni jambo jingine. Mwanafunzi asiyezitenga mbili hizi ataisifu kila kazi inayowataka watu sauti zao, hata pale ambapo jibu lilikuwa tayari. Na akitoka darasani akaenda mkutanoni, akaombwa maoni juu ya jambo lililokwisha kutiwa sahihi, atarudi nyumbani akiamini kwamba ameshauriwa.