Ufundi wa Kuyatuliza Maji

Anayetaka kuchimba bustani ya mvua aanze bila jembe. Atoke nje mvua ikinyesha, atazame maji yanaangukia wapi kutoka batini, yanakimbilia wapi, wapi yanatuama na wapi yanakula udongo. Naupenda ufundi huu kwa sababu hiyo: unayasoma maji kwanza, ndipo unayaelekeza.

Dar es Salaam tumezoea njia nyingine. Tunasakafia ua kuanzia getini hadi ukutani, tunatoboa tundu chini ya ukuta, maji yanakuwa ya jirani. Jirani naye anayasukuma mbele, mpaka yakutane Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi kwa mafuriko ya Mto Msimbazi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 2,400, na hiyo ni nyumba moja tu.

Bustani ya mvua ni beseni pana la udongo la kuyapokea maji hayo, kina chake sentimita 15 hadi 20, lililo mita tatu au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali na karo la choo. Kabla ya kuchimba, udongo unajaribiwa: shimo dogo linajazwa maji, yakinywewa linajazwa tena. Kesho yake yakiwa bado yapo, tafuta mahali pengine.

Kisha inakuja kazi ninayoweza kuitazama mchana kutwa, kusawazisha sakafu ya beseni. Mafundi wawili wanashika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji, kila mmoja na ncha yake. Mmoja anasema, "Panda kidogo." Mwenzake anainua, maji yanacheza, yanatulia, vigingi vya alama vinawekwa usawa huo. Sakafu ikiinama, maji yote hukimbilia kona moja. Ikiwa tambarare, kila shubiri ya ardhi inakunywa. Udongo uliochimbwa unawekwa upande wa chini kuwa tuta, lenye mdomo wa mawe wa kutolea maji yakizidi. Wakulima wa Machakos, kwa matuta yao ya fanya juu, huutupa upande wa juu wa mtaro. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, mashimo ya kushika maji kwenye miteremko. Hawa wote walijua kitambo kwamba maji yaendayo polepole hayabebi shamba.

Vetiva, aina ya nyasi, hukaa ndani ya beseni, kwa kuwa huvumilia kulowa na kukauka, na mizizi yake huweza kushuka mita tatu. Mchaichai hukaa juu ya tuta. Anayehofia mbu ajue kwamba yai huchukua kama wiki nzima au zaidi kuwa mbu arukaye, ilhali beseni lililochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku moja au mbili.

Mwenye ua, hata mdogo, usiumwagie saruji wote. Chimba kiangazi hiki. Vuli huanza Oktoba.